Hesabu ya nyumba kabla ya kuchimba msingi: bei ya ukutani, si bei ya dukani

Nyumba ya ami yangu kule Langoni, hapa Lamu, imekaa kwenye lenta, yaani usawa wa juu ya madirisha, miaka saba sasa. Kuta zimesimama sawa kabisa, madirisha wazi, ndani umeota mpapai na wapita njia washakula matunda yake. Alipoanza alipewa bei moja tu ya mdomo, fundi alizunguka kiwanja akasema milioni moja na nusu zatosha, bas wakashika majembe. Mimi nimezipitia risiti zake zote moja moja na hakuna aliyemuibia, pesa zilienda kwenye simiti na mchanga na chombo cha baharini na punda kweli, ila hakuna mtu aliyekaa chini kupima kabla, ndio mana zikaisha wakati bado hata boriti moja haijapandishwa juu.

Hii hesabu ina watu wake, wanaitwa QS au wakadiriaji majenzi, wanasomea digrii chuo kikuu, Nairobi na JKUAT zote zafundisha, halafu wanasajiliwa na bodi yao, BORAQS, kwa sheria ya Sura 525. Nyumba kubwa ya ghorofa mtafute huyo, usijaribu mwenyewe. Lakini misingi ya ile kazi yake mtu yeyote aliyemaliza darasa la nane na anajua kuzidisha aweza kujifunza, na wallahi kila mwenye kiwanja Lamu afaa ajue, pia vijana mafundi wanaotaka kutoka kwenye kibarua waanze kuchukua kandarasi zao wenyewe.

Jambo la kwanza ni mpangilio. Kiasi kwanza, bei baadae. Watu wengi wanakimbilia kuuliza "simiti ni ngapi sa hii" wakati hawajui watahitaji mifuko mingapi. Bei inabadilika kila mwezi, ukuta wa mita 44 za mraba utabaki mita 44 leo na mwakani. Ukishakuwa na kiasi kwenye daftari lako, bei ikipanda wabadilisha safu moja tu.

Kwa hivyo nunua tepu ya mita 5 na nyingine ndefu ya 30, na daftari la mistari. Chora safu nne kila ukurasa. Ya kwanza andika kitu kiko mara ngapi, ya pili vipimo vyake, urefu juu, upana chini yake, kina chini kabisa, ya tatu jawabu, ya nne maelezo ya maneno, yaani ni kitu gani na kiko wapi. Maelezo usiyaache hata kama una haraka, manake wiki mbili baadae utaona 8.0 imekaa peke yake na hutakumbuka ni mtaro au ni zege. Na uchague kipimo kimoja. Hapa kwetu kiwanja kinauzwa kwa futi, hamsini kwa mia, bloki zinapimwa kwa inchi, mchoro uko kwa milimita, ukichanganya umeharibu. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hivyo hiyo hamsini kwa mia ni mita 15.24 kwa 30.48, kama mita 464.5 za mraba. Geuza kila kitu kwenda mita kabla ya kuanza, sio katikati.

Hebu tupime chumba kimoja ili uone. Chumba cha ndani mita 4 kwa 3, kuta za bloki za simiti upana milimita 200, ukuta kwenda juu mita 3, mlango mmoja wa 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya 1.2 kwa 1.2. Swali la kwanza, ukuta una urefu gani ukiuzunguka? Ukipima ndani utapata mita 14, ukipima nje utapata 15.6, na zote mbili si sawa kwa kuhesabia bloki, manake kona ya ndani inapunguza na kona ya nje inarudia. Tunachukua mstari wa katikati ya ukuta: 4.2 jumlisha 3.2, mara mbili, ni 14.8. Hiyo 14.8 ishike, ndio ufunguo wa nyumba nzima. Mtaro wa msingi, zege la chini, ukuta, ring bim ya juu (boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta), vyote vinapita kwenye mstari huohuo, kwa hivyo wapima mara moja watumia mara nne.

Mtaro: 14.8 kwa upana 0.6 kwa kina 0.9, ni kama mita 8 za ujazo za kuchimba. Zege la chini ya msingi, unene 0.2: 14.8 × 0.6 × 0.2, inakuja 1.78. Ukuta: 14.8 × 3 ni 44.4, toa mlango 1.89, toa madirisha 2.88, unabaki na 39.63 za mraba. Bloki ya milimita 390 kwa 190 ukiweka na mota (simiti na mchanga wa kuunganishia) ya milimita 10 inachukua nafasi ya 400 kwa 200, kwa hivyo mita moja ya mraba inakula bloki 12 na nusu. Zidisha, wapata 495 na kitu, ongeza asilimia 5 za kuvunjika, agiza 520. Huu ni ukuta wa juu ya sakafu tu, ule uliozama kwenye msingi uupime mbali kwa njia hiyohiyo, wengi huusahau kwa sababu ukishafukiwa hauonekani.

Sasa zege, hapa ndipo wengi wanapoteza, kwa hivyo ntakaa kidogo. Ukichanganya simiti, mchanga na kokoto vikavu halafu ukatia maji, mchanganyiko unanywea, mchanga unaingia katikati ya kokoto na simiti inaingia katikati ya mchanga. Ili upate mita moja ya ujazo ya zege lililoshiba wahitaji kama mita 1.54 za vitu vikavu. Mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne una mafungu saba. Gawa 1.54 kwa 7, fungu moja ni 0.22. Kwa hivyo simiti ni 0.22, mchanga 0.44, kokoto 0.88. Mfuko wa kilo 50 una ujazo kama 0.035, kwa hivyo 0.22 ya simiti ni mifuko sita na theluthi hivi. Zege letu la msingi la 1.78 litakula mifuko 11 na kitu, andika 12, mchanga kama 0.8 na kokoto kama 1.6. Kwenye kiwanja usiwaachie saidia wa fundi wapime kwa sepetu, sepetu ya asubuhi na sepetu ya saa nane mchana hazilingani hata kidogo. Mwambie seremala akutengenezee sanduku la mbao lisilo na chini, sentimita 33 kila upande, sanduku moja ni karibu sawa na mfuko mmoja, bas mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto.

Na mchanga wenyewe ukiwa umeloa unafura, waweza kufura hata kwa robo, yaani lori lililonyeshewa njiani linaonekana limejaa na ndani mchanga ni pungufu. Wanaouza kwa lori hawakwambii mita, wewe panda na tepu yako upime bodi ya lori, urefu kwa upana kwa kina, ndipo uongee bei.

Vyuma pia vina kanuni yake nyepesi. Chukua unene kwa milimita, zidisha wenyewe kwa wenyewe, gawa kwa 162, jawabu ni kilo kwa kila mita. Cha 12 ni 0.89, cha 8 ni karibu 0.4. Ring bim ya chumba chetu yenye vyuma vinne vya 12: 14.8 mara nne ni 59.2, ongeza sehemu za kupishana na kona kama asilimia 10, mita 65, chuma kimoja kina mita 12, kwa hivyo ni vyuma 6. Ringi zake (vile vizingo vinavyofunga hivyo vinne pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20 ni kama 75, kila moja mita 0.75, ni mita 56, vyuma 5. Plasta nayo ni ndani 14 × 3 na nje 15.6 × 3 (hapa ndipo vile vipimo viwili vya mwanzo vinapofanya kazi), ukitoa matundu kila upande wapata mita 79 za mraba, na kwa unene wa milimita 15 utakula mifuko kama 9 au 10. Hiyo ni kwa bloki zilizonyooka. Ukuta wa mawe ya kuchongwa kwa mkono haujanyooka, plasta inaingia milimita 25 na zaidi na simiti inaruka kwa zaidi ya nusu, ndio hapo mtu anashangaa "plasta imemaliza mifuko yote".

Haya, kiasi tunacho. Sasa bei, na hapa Lamu haifanani na Malindi wala Mombasa. Kule lori linamwaga mbele ya kiwanja. Sisi lori linaishia Mokowe, gati la upande wa bara, mzigo unashushwa, unapandishwa chomboni, unavuka, unashushwa gatini, halafu punda au hamali au mkokoteni mpaka kwenye kichochoro chako ambapo hata wilbaro inapita kwa taabu. Kila mkono unaogusa mzigo unalipwa. Kwa hivyo safu ya bei kwenye daftari usiandike bei ya dukani, andika bei ya ukutani, yaani kitu hicho kikiwa kimeshafika pale fundi alipo.

Nambari hizi ni za mfano tu, za leo uulize mwenyewe. Tuseme mfuko wa simiti dukani bara ni 800, lori mpaka Mokowe 60, kupandisha 20, chombo 50, kushusha 20, punda 50. Ukutani ni 1,000. Umeongeza robo. Sasa chukua mchanga. Mita moja ya mchanga ina uzito wa kama kilo 1,600, na punda tuseme abebe kilo 80 kwa safari (na usimzidishie, mnyama huyu ndiye aliyeubeba mji wetu mgongoni, na hospitali ya punda iko hapa tangu 1987 kwa sababu ya mizigo kama hii), hizo ni safari 20 kwa mita moja. Kila safari tuseme 50, hiyo ni 1,000 kwa punda peke yake, bado chombo, bado hamali, na huenda ule mchanga kule ulikotoka ulikuwa na bei ndogo kuliko hiyo. Geuka uangalie koki ya maji ya shaba au kitasa cha mlango, bei yake kubwa lakini yaingia kwenye kikapu cha mkononi, usafiri wake ni karibu bure. Kwa hivyo kisiwani kitu rahisi kilicho kizito ndicho kinachomaliza pesa, na mtu anayekaa kubishana bei ya kitasa huku mchanga hajaupima anabishana mahali sipo.

Ndio mana mawe na kokoto za Maweni kule kisiwa cha Manda zina faida yake, zinavuka mkondo tu. Linganisha kila mara kwa bei ya ukutani, jiwe la Manda na bloki ya kutoka bara, kwa mita ya mraba ya ukuta uliokamilika pamoja na mota na plasta, sio kwa kipande. Na mchanga wa pwani wa bure achana nao kabisa, chumvi inakula vyuma ndani ya zege, utauokota bure na uje ulipe slabu mpya.

Ufundi nao ni hesabu ileile ya kiasi. Usiulize tu "fundi siku ngapi", uliza anajenga bloki ngapi kwa siku. Tuseme fundi 1,500 na saidia 800, jumla 2,300. Wakijenga bloki 100, kila bloki imekugharimu 23. Wakijenga 70 ni karibu 33. Mshahara ni uleule, bei ya ukuta imepanda kwa zaidi ya thuluthi. Na huku kwetu kinachopunguza zile bloki mara nyingi sio uvivu, ni chombo kukaa mchangani maji yamekupwa na mafundi wamekaa kivulini wanasubiri simiti, na wana haki yao ya siku. Kwa hivyo jedwali la maji kujaa na kupwa liwe kwenye daftari la ujenzi, miezi ya kusi kali uiongezee siku, masika vilevile. Ramadhani kazi inaanza mapema na kumalizika adhuhuri, weka nusu siku kwenye hesabu tangu mwanzo, mtu aliyefunga usimtarajie amwage slabu saa tisa juani.

Kuna matumizi ambayo hayaonekani ukutani lakini yamo. Maji ya kuchanganyia, manake visima vingi vina chumvi na maji matamu utayanunua. Stoo, mlinzi, mbao za kumwagia zege, nguzo za kushikilia slabu mpaka ikauke. Mchoro na vibali vya kaunti, na kama uko ndani ya mji mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha 2001, ofisi ya Makumbusho nayo lazima uione kabla ya kugusa ukuta, kusimamishwa kazi katikati ni gharama kuliko kibali. VAT ya asilimia 16, uliza kama bei uliyopewa imo au haimo. Ukitumia kontrakta ataongeza faida yake na gharama za ofisi, hiyo ni halali yake, wewe hakikisha tu imeandikwa. Mwisho weka akiba ya dharura, mimi naweka asilimia 10 kwa nyumba mpya, na kwa ukuta wa zamani naongeza tena kwa sababu hujui kilichomo mpaka ubomoe plasta.

Upande wa uchumi wenyewe sasa, ambao ni kuchagua kabla ya kuhesabu. Umbo la nyumba lina bei. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita 100 za mraba na ukuta wa kuzunguka 40. Nyumba ya 5 kwa 20 ina mita 100 zilezile na ukuta 50. Robo zaidi ya msingi, bloki, plasta na rangi, na hujapata hata sentimita ya kulala zaidi. Kila kona unayoongeza ili nyumba ipendeze ina bei yake, weka ukitaka lakini ujue.

Wazee wetu walijua hesabu hii bila daftari. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu, upana mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko inabeba dari la mawe na chokaa bila kupinda. Mti uliamua chumba. Miti yenyewe ilihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, na kila unene una jina lake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ili usilipie nguzo mahali pa pau. Na wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kikakaa kwenye kuta mbili zilizopo tayari, ni nafasi bila kiwanja na bila msingi. Mimi kila nikipita chini ya wikio nasimama naangalia juu, sijaona akili ya gharama iliyo safi kuliko hiyo.

Halafu gharama ya kukaa, sio ya kujenga tu. Hewa ya chumvi inakula mabati mepesi. Tuseme paa moja ni 100,000 na lataka kubadilishwa kila miaka mitano, jengine 250,000 linakaa miaka ishirini. Kwa miaka ishirini la kwanza ni 400,000, na hapo hujalipa mafundi wa kubomoa. Ukuta wa zamani wa matumbawe ukiupiga plasta ya simiti unaziba unyevu ndani, baada ya muda inabanduka vipande vipande na unaanza upya, chokaa inapumua ndio mana ilidumu. Lakini sio kila ghali ni bora, na kama pesa ya leo haitoshi la 250,000 na mvua iko karibu, paa la 100,000 linalookoa kuta zako laweza kuwa ndio sawa. Hesabu inakuonyesha tu utalipa lini.

Na usinunue kila kitu siku moja ili upunguze safari za chombo. Mawe na kokoto sawa, haviozi. Simiti kwenye unyevu huu baada ya miezi mitatu nguvu zake zimepungua sana, ikishafanya mabonge usiitumie kwenye slabu. Gawa kazi kwa hatua, msingi, ukuta mpaka lenta, ring bim na paa, umaliziaji, kila hatua iwe na jumla yake, na usianze hatua kama pesa ya kuimaliza haiko mkononi. Msingi uliokamilika ukafunikwa unasubiri. Ukuta ulioachwa wazi juu unanyonya mvua.

Mazoezi ndio haya: pima nyumba unayolala sasa kana kwamba unataka kuijenga upya, kila kitu. Kisha tafuta jirani anayejenga, mwambie utamfanyia makadirio ya kazi yake ya mwezi huu bure, na mwezi ukiisha muombe risiti ulinganishe. Kwenye daftari langu kila kitu kina safu mbili, niliyokadiria na iliyotumika, na mara tatu za kwanza mchanga ulinishinda kila mara, nilikuwa nausahau wa kuwekea bloki na kusawazisha sakafu.

Mwezi uliopita nilikwenda na tepu kwa ami. Tulipima kuanzia lenta kwenda juu, tukahesabu bloki zilizobaki, ring bim, mbao, mabati, chombo na punda kila kitu, tukaandika jumla ya hatua moja tu, ya kumfikisha kwenye paa. Aliiangalia muda mrefu akasema "kumbe ni hii". Ni pesa ambayo watoto wake watatu wakichanga miezi minane wataifikia. Vyuma vya ring bim vimefika gatini Alhamisi, tumevihesabu kabla punda hajapakiwa, vyote vimetimia, na mpapai tumeuhamishia uani.